Ratiba Isiyohesabu Maji

Uliliona lile bango, usikatae. Siku ile uliposhuka pwani ya Masoko kusubiri boti lilikuwa mbele ya uso wako, la bluu, limesimama juu ya mabomba mawili: UJENZI WA GATI LA ABIRIA, KISIWA CHA MTONDONI. MUDA WA KAZI: WIKI KUMI NA SITA. Ulilisoma mpaka mwisho. Ukahesabu kwa vidole, ukaona wiki kumi na sita zilikwisha kabla ya mwaka mpya, na ng'ambo hakuna gati, kuna nondo tu zimesimama majini zinaota kutu. Ukasema, "Aa, miradi hii!" Boti ilipofika kisiwani ulivua viatu, ukakunja suruali, ukaingia majini kama wenzako. Ulipofika juu ukajifuta tope, ukaenda zako. Wewe miguu unayo.

Mastura binti Idd alikuwa amekaa ukingoni, magongo yake mawili mapajani, anakutazama unavyopita. Ulimpa salamu. Hukumuuliza kwa nini yeye havuki.

Basi sikiliza sasa, maana siku ile hukusikiliza.

Mguu wa kulia wa Mastura ulikauka akiwa na miaka minne. Leo ana arobaini na saba. Ni fundi cherehani, na hodari. Nusu ya mashela waliyoolewa nayo mabinti wa Masoko yalipita chini ya sindano yake. Kizimba chake kipo sokoni Masoko, pembeni kwa wauza mbaazi, na kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na miwili alivuka kwenda huko na kurudi, kwa miguu yake mwenyewe na magongo yake mwenyewe, hakusaidiwa na mtu. Aliwezaje? Kwa sababu ya ngazi. Palikuwa na ngazi kumi na tisa za mawe na chokaa, walizojenga babu zao, zinashuka kutoka kisiwani mpaka chini ya maji. Maji yakijaa, boti ya mdogo wake Dadi iliegesha ngazi ya nne. Yakipwa, iliegesha ya kumi na saba. Mastura alishuka moja moja, akakaa ukingoni mwa boti, akavuta mguu, safari ikaanza. Alizijua zote. Ya sita ilikuwa na ufa, ya kumi na moja ilikuwa na utelezi.

Mradi ulipokuja, mwezi wa nane, kazi ya kwanza katika ratiba iliandikwa hivi: kubomoa ngazi za zamani. Kwa nini ya kwanza? Kwa sababu mashine ya kubomolea ilikuwa ya kuazima, na Ijumaa ilitakiwa irudi Lindi. Hiyo tu. Ngazi za miaka tisini zilivunjwa kwa siku tatu ili mashine isichelewe kurudi.

Jumatatu iliyofuata Dadi alimbeba dada yake mgongoni. Maji yalimfika Dadi kiunoni. Gongo moja likaponyoka likaelea, watu wakalikimbilia, gauni la Mastura likapanda mpaka magotini, na mpagazi mmoja pale akapiga kelele, "Shusha taratibu hiyo, ina alama ya glasi, itavunjika!" Watu wakacheka. Hata Dadi alicheka kidogo, kwa haya. Jioni Mastura alirudi vile vile, mgongoni. Alipofikishwa pakavu alisema, "Dadi, mdogo wangu, Mungu akulipe. Lakini sibebwi tena. Nitavuka siku nitakapokanyaga."

"Dada, ni wiki kumi na sita tu."

"Basi nitangoja hizo kumi na sita."

Huko ndiko kufungwa. Hakuna askari, hakuna kufuli. Unayaona mabati ya soko lako ng'ambo ya mkondo, unasikia mwadhini wa Masoko upepo ukilala, na huwezi kufika. Asubuhi alikwenda ukingoni, akakaa. Mchana akarudi akashona viraka vya majirani kwa mkono, maana cherehani ilibaki kizimbani. Jioni akaenda tena. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Bonaventura, mhandisi kijana, mtu wa Ndanda, mwenye adabu zake. Kila asubuhi alimwamkia Mastura, "Shikamoo, Bi Mastura," na Mastura akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akamuuliza swali lile lile: "Leo ratiba inasema nini?"

Siku moja katika wiki ya sita Bonaventura alimwonyesha karatasi. Ilikuwa nzuri, ina mistari ya rangi. Wiki ya sita: kumwaga zege la msingi. Wiki ya saba: kukunja nondo za ngazi. Mastura aliitazama kwa muda.

"Mwanangu, msingi unamwagwa wapi?"

"Pale, juu ya mwamba wa chini kabisa."

"Ule mwamba wiki hii hauonekani. Haya ni maji mafu. Bahari haitoki, inacheza hapo hapo katikati. Mwamba unatoka siku za bamvua tu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji yanakwenda mbali, saa nne asubuhi mwamba unakuwa mkavu kama meza, kwa muda wa saa mbili hivi, kisha yanarudi. Ngoja wiki ijayo."

"Wiki ijayo ratiba inasema nondo."

"Ratiba ilitungwa wapi?"

Bonaventura akacheka. "Ofisini, Bi Mastura."

"Hiyo ofisi ina bahari?"

Hawakungoja. Walileta pampu, wakazungushia mifuko ya mchanga, wakavuta maji siku nne, na bahari ikaingia kwa chini ikawacheka. Saruji ikashika ndani ya mifuko. Wiki ya saba ikaingia na bamvua lake, mwamba ukatoka, mkavu, mweupe, saa nne kamili, siku tatu mfululizo. Na vibarua wote walikuwa juu kivulini wanakunja nondo, kwa sababu ratiba ilisema nondo. Mastura alikuwa amekaa pale pale ukingoni. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Mwamba huo! Jamani, mwamba huo hapo!" Kibarua mmoja akamjibu, "Tunauona, bibi, lakini hatujaandikiwa."

Katika taarifa ya mwezi, sababu ya kuchelewa iliandikwa kuwa ni hali ya hewa.

"Hali ya hewa gani?" Mastura alimuuliza Bonaventura. "Jua limewaka mwezi mzima mpaka mihogo imenyauka. Andika ukweli. Andika: hatukuuliza."

Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Ngazi zenyewe, vipande kumi na tisa vya zege, zilikwisha kumwagwa nchi kavu tangu mwezi wa kumi, zimelazwa ufukweni kama majeneza zikingoja msingi wa kukalia. Ukipata msingi, kuzipanga ni kazi ya siku nne. Mastura alichukua kalenda ya ukutani, akaigeuza nyuma, akaandika siku zote za bamvua mpaka mwisho wa masika. Kila mvuvi wa Mtondoni anazo hizo siku kichwani. Yeye aliziandika ili asiambiwe kuwa ni maneno ya mdomoni. Alimpa kila aliyevuka kwenda wilayani nakala. Wewe ni mmoja wa walioichukua. Ulifungia vitumbua?

Kisha likaja tangazo la soko. Warda, rafiki yake mwenye kizimba cha jirani, ndiye aliyelileta, na hakuweza kumtazama usoni. Kizimba chochote kitakachokuwa kimefungwa mpaka tarehe kumi na tano ya mwezi wa nne kitapewa mtu mwingine.

"Niwaambie nini, shoga?" Warda aliuliza. "Nikufungulie mimi?"

"Wanamtaka mwenyewe, na mwenyewe ni fundi. Utashona wewe?"

"Mimi hata kifungo napachika kwa kuomba dua."

Wakacheka.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili, barua tano alizoiandikia wilaya zikazaa mkutano. Ulifanyika chini ya turubai la mradi: Bonaventura, Mwenyekiti wa kijiji Abdala, Dadi kwa niaba ya wenye boti, wazee wanne, na Mastura. Bonaventura alisimama, akafanya jambo ambalo lazima asifiwe kwalo. Alisema, "Nimekosea. Bi Mastura, niletee hiyo kalenda yako tupange upya."

Mastura alimpa. Bonaventura akapitisha kidole.

"Lipi ni bamvua kubwa kuliko yote?"

"La mwezi wa tatu," Dadi akadakia. "Hilo maji yanakwenda mpaka unaona mgongo wa mwamba wote, hata majani ya chini. Linaanza Jumamosi ya tarehe ishirini na moja."

"Safi sana. Nitaomba tishari." Hicho ni chombo bapa cha kubebea mizigo, nacho kingekuja na mashine ya kuchanganya zege juu yake. "Nitaipata siku tatu tu, kisha inakwenda kazi nyingine kusini. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Vibarua wangu wamerudi kwao kazi iliposimama, kwa hiyo nitahitaji watu thelathini wa kupokezana ndoo. Mtanipa?"

Hapo sasa. Hapo ndipo pa kumshika kila mtu shati.

Mwezi gani unaandama tarehe zile? Mwezi unaomaliza Ramadhani. Jumamosi ile ni Idd. Siku tatu zile ni Idd mosi, Idd pili na Idd tatu. Bonaventura wa Ndanda hakujua, angejuaje? Lakini Mwenyekiti Abdala alijua. Dadi alijua. Wale wazee wanne walijua kama wanavyojua majina ya wake zao. Na Mastura, aliyeandika kalenda kwa mkono wake, alijua kabla ya wote. Akafikiri: nikisema, watasogeza, na wakisogeza nimekwisha. Abdala akafikiri: miezi sita tumewasema hawa watu kuwa wanachelewesha, leo nitoe mimi udhuru? Wazee wakafikiri: atasema Mwenyekiti. Dadi akamtazama dada yake, akaona ameinamisha kichwa, akafunga mdomo. Mtu mzima mwenye haya hakubali kuwa wa kwanza kulitia doa jambo jema mbele ya mgeni. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hivyo ndivyo tunavyozama.

"Tutakupa," alisema Abdala. Wakasaini wote, sahihi moja chini ya nyingine.

Ramadhani ikapita na joto lake. Ijumaa magharibi mwezi ulionekana, mwembamba kama ukucha, watoto wakapiga makopo. Mastura hakushangilia. Alitoka na magongo yake kabla kiza hakijaingia sawasawa, akaanza nyumba ya kwanza.

"Kesho baada ya swala, saa nne. Saa mbili tu za kazi."

"Kesho? Mastura, kesho Idd!"

"Najua kesho ni nini."

"Mwaka mzima mkandarasi kalala, siku ya Idd ndiyo kaamka? Mwambie arudi akalale."

Nyumba ya tatu walimkaribisha maandazi. Ya tano mama mmoja alisema angekuja, lakini pilau ya watu ishirini angemwachia nani? Ya tisa kijana mmoja alimwambia, "Shangazi, kubali tu kubebwa. Mgongo wangu huu hapa, wala si Idd peke yake, mwaka mzima." Alisema kwa wema kabisa. Mastura alishika gongo kwa nguvu mpaka vidole vikauma, akamwambia, "Mgongo wako nauheshimu, baba. Mimi nataka mikono yako." Akaenda kwa Abdala mwisho.

"Mwenyekiti, ulisaini."

"Na wewe ulisaini, Mastura. Wote tulisaini tunajua." Abdala alikuwa anapiga kanzu pasi. Hakuinua uso. "Kwa nini hukusema pale?"

"Kwa nini wewe hukusema?"

Pasi ikatoa moshi.

Asubuhi waliswali uwanjani, takbira zikapanda, watu wakapeana mikono. Saa nne maji yalikuwa yameondoka kama vile yameitwa. Mwamba wote ulikuwa nje, na juu yake fremu za mbao za msingi, tayari. Tishari imeegeshwa ukingoni mwa maji, mashine inanguruma, na Laurenti, mwendeshaji wake, amesimama mikono kiunoni. Bonaventura alikuwa na kofia yake ya kazi. Alitazama juu, akatazama saa, akatazama juu tena. Aliyekuja ni Dadi, ndani ya fulana ya zamani. Basi.

"Watu thelathini wako wapi?"

"Leo Idd, Mhandisi," alisema Dadi.

Bonaventura alivua kofia. "Na hamkuniambia?"

Hapo Mastura alikuwa tayari anashuka. Ile siku bahari ilikwenda mbali kiasi kwamba chini palikuwa mwamba mtupu, wa kukanyagika. Gongo, gongo, mguu. Gongo, gongo, mguu. Tangu mwezi wa nane hakuwahi kufika chini pale. Alifika kwenye fremu, akaweka magongo kando, akakaa juu ya ubao katika gauni lake jipya la Idd, alilolishona kwa mkono usiku na mchana, akasema, "Laurenti, nipe ndoo."

"Bi Mastura, utaweza?"

"Nimekaa. Wa kusimama ana kazi ya kuleta, wa kukaa ana kazi ya kumimina. Leta."

Wakaanza. Dadi akabeba, Laurenti akachota, Bonaventura mwenyewe akabeba, Mastura akapokea, akamwaga, akashindilia zege kwa kipande cha ubao. Juu ukingoni watu walitoka kwenye swala, kanzu nyeupe, mabuibui, watoto na baluni. Wakasimama. Wakatazama. Unajua kutazama kulivyo.

Warda alikuwa amevuka kuja kula Idd kisiwani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alivua viatu vyake vya visigino, akampa mtoto wa mtu, akashuka akilalama, "Nguo hii sijamaliza hata kuonyesha watu." Kisha wakashuka wanawake wanne, kisha yule kijana wa nyumba ya tisa, kisha Abdala, na kanzu yake ameifunga kiunoni. Walifika kumi na mmoja. Ndoo zikaanza kwenda. Kwa muda wa nusu saa ungedhani inawezekana.

Lakini kumi na mmoja si thelathini. Saa sita kasoro maji yalirudi, kwanza kama mate kwenye nyufa, kisha hadi vifundoni. Msingi ulikuwa umejaa nusu. Dadi alitaka kumnyanyua dada yake, akamkatalia. Alipanda mwenyewe, mikono imeungua kwa saruji, gongo, gongo, mguu, maji yakimfuata nyuma.

Idd pili walikuja saba. Upepo ukachafuka, wakapata ndoo chache. Idd tatu Laurenti aling'oa nanga, maana tishari ilikuwa na ratiba.

Jumanne Bonaventura alikuja ukingoni na karatasi yake, akakaa chini kando ya Mastura, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Natakiwa niandike sababu ya kuchelewa," alisema. "Niandike sikukuu?"

"Andika: hatukuambiana."

Akaandika. Kisha akafungua kalenda. "Bamvua linalofuata ni la mwezi mpevu. Alhamisi ya tarehe pili, na Ijumaa." Akasita, akafuta jasho. "Ile Ijumaa ni Ijumaa Kuu, Bi Mastura. Na vibarua wangu niliowaita tena, wote kwao Ndanda na Masasi. Wanaondoka Jumatano kwenda kula Pasaka. Nakuambia sasa hivi, kabla sijasaini popote."

Mastura alimtazama, akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu mwezi wa nane. "Afadhali wewe umesema. Nenda nao. Na wewe unakwenda?"

"Mimi nabaki."

Hesabu aliifanya pale pale, chini, kwa ncha ya gongo. Msingi ukijaa Alhamisi tarehe pili, unaachwa ukauke wiki nzima. Ngazi zinapangwa siku nne, kazi isiyotaka bamvua. Tarehe kumi na tatu zimesimama. Tarehe kumi na nne anashuka moja moja, anakaa ukingoni mwa boti, anavuta mguu. Tarehe kumi na tano kizimba kiko wazi. Ikipita Alhamisi hiyo, bamvua jingine ni baada ya tarehe kumi na tano, masika imeshashuka, kizimba kimepewa mtu mwingine, na cherehani yake imetolewa nje, imefunikwa gunia.

Sasa wewe. Unakwenda wapi? Kaa hapo hapo.

Tishari haipo, lakini saruji ipo, mifuko arobaini, ndani ya banda, mikavu. Bonaventura ana ufunguo. Kokoto zipo. Majembe ya kuchanganyia kwa mkono yapo manane. Boti ya Dadi inaondoka Masoko saa mbili asubuhi Alhamisi, inarudi kuchukua wengine saa mbili na nusu, na tena saa tatu. Nafasi ipo. Mwamba unatoka saa nne na unakaa kwa muda wa saa mbili, haukai zaidi, haumngoji mtu. Abdala na wenzake, wote kumi na mmoja, wanakuja. Safari hii wamesema wazi, mbele ya watu, kila mmoja kwa jina lake. Wanapungua kumi na tisa. Unajua kuhesabu, ulihesabu wiki za bango.

Usiseme utaona. Usiseme utamwambia fulani. Inuka sasa hivi, katafute ndoo yenye mkono mzima, iweke mlangoni. Mwambie jirani yako naye aweke yake. Kama una shughuli Alhamisi, sema leo, usiiname ukanyamaza kama tulivyoinama sisi wa Mtondoni chini ya turubai. Kama huna, saa mbili uwe pwani. Mastura atakuwa ameshakaa juu ya ule ubao, mikono wazi, anangoja wa kumletea.